Ubao wa mtaa: shajara ya mradi wetu, Tanga

Jumamosi 28/9/2024

Haya tunaanza. Nimeambiwa niwe naandika kila tunachofanya, manake tukiacha kichwani baada ya mwezi kila mtu atakuwa na hadithi yake.

Tuko wanne. Mimi nina steshenari, natoa kopi na kuchapa barua. Nje ya duka langu yuko mzee fundi baiskeli, na kwa hapa Tanga fundi baiskeli ndo anaonana na watu wengi kuliko mwenyekiti wa mtaa, sitanii. Wa tatu ni binti wa jirani anamalizia chuo, yeye ndo mwenye mwandiko na simu nzuri. Wa nne ni kijana wa boda, anapita kila mahali. Tuko Ngamiani huku kwenye barabara za namba, mtaa sitautaja.

Tunachotaka kufanya ni kidogo tu. Ubao mmoja wa kubandika na grupu moja la wasapu, matangazo ya mtaa, kata na jiji tuyaweke kwa maneno machache mtu aelewe anatakiwa afanye nini. Basi. Hatutaki umaarufu na hatutaki siasa.

Wazo lilitoka kwenye kimbunga Hidaya, mwezi wa tano. Mnakumbuka zile siku TMA, watu wa hali ya hewa, walikuwa wanatoa taarifa kila baada ya muda, boti za Zanzibar zikasimamishwa, Jumamosi tarehe 4 kimbunga kikatua Mafia na usiku uleule wakatangaza kimekwisha nguvu kabisa. Jumatatu tarehe 6 mama mmoja yuko dukani kwangu anatoa kopi ya cheti, ananiambia mwanae hajaenda shule kwa ajili ya kimbunga. Nikamwambia mama kimbunga kimeisha juzi. Akanionyesha simu, na kweli tangazo lipo, la TMA wenyewe, nembo na kila kitu, halina uongo hata neno moja, ila ni la tarehe 3. Lilikuwa limeshakufa siku mbili nyuma na bado linatembea mtaani kama lina roho.

Afu kuna ile hatifungani ya kijani ya mamlaka yetu ya maji, Tanga UWASA, mwanzoni mwa mwaka huu. Bilioni 53.12, ya miaka kumi, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, mamlaka ya maji inakopa kwa wananchi ili ipanue maji. Mji mdogo kama wetu unaandikwa soko la hisa la Dar! Mabango yalikuwepo. Kinyozi wa pembeni yangu ana hela yake ya kibubu, alikuja kuniuliza hiyo kitu inanunuliwaje, nikafurahi nikaanza kumtafutia, kumbe dirisha lilishafungwa Aprili na yeye kaja Juni. Yeye bango alikuwa analiona kila siku akienda kazini, alidhani ni tangazo la kupanda miti kwa vile limeandikwa kijani.

Kwa hiyo matangazo yapo, msituambie hayapo. Jiji letu lina kata 27, karatasi inatoka kwa mkurugenzi inaenda kwa mtendaji wa kata inashuka kwa mtendaji wa mtaa, inapigwa pini ukutani. Ikifika pale ukutani safari yake imekwisha, na wewe ndo ulitakiwa uanze safari yako kuifuata.

Jumamosi 5/10/2024

Ubao umesimama. Plaiwudi nusu, tumepaka rangi nyeupe mbili, juu tumepiga kipande cha bati kwa ajili ya vuli. Pini tumenunua boksi mbili. Gharama tumechanga, mzee wa baiskeli katoa misumari na nguvu.

Tumeuweka kwenye kibaraza cha duka langu. Naona aibu kusema nimeuweka hapo ili na mimi nipate wateja wa kopi, lakini ndo ukweli.

Leo mimi na binti tumeenda kupiga picha ubao wa ofisi ili tujue kuna nini. Nimesimama pale nusu saa. Karatasi ziko juu ya karatasi kama ngozi ya kitunguu. Ya juu kabisa mnada wa kiwanja, chini yake chanjo, chini yake orodha ya majina ya kitu ambacho kichwa chake kimefunikwa na karatasi ya mnada, kwa hiyo kuna majina tu kama 40, hujui wamefaulu au wanadaiwa. Nyingine tarehe imekaliwa na muhuri, yaani muhuri wa bluu umetua palepale kwenye siku, unasoma "kuanzia tarehe" afu wino. Binti akacheka akasema hapa hata mwenyewe aliyeandika akirudi lazima aulize.

Mtendaji alitupokea vizuri tu, akasema pigeni picha mnachotaka, ila msiongeze maneno yenu. Hilo la kutoongeza maneno nimeliandika hapa makusudi.

Jumamosi 12/10/2024

Kazi ya kwanza ya kweli. Uchaguzi wa serikali za mitaa ni 27 Novemba, na uandikishaji wa wakazi watakaopiga kura umeanza jana tarehe 11 unaisha tarehe 20. Siku kumi. Tangazo lenyewe ni kurasa mbili na nusu, linataja kanuni, linataja TAMISEMI, mpaka ufike pa kujua unatakiwa uende wapi umeshachoka.

Tumelikata mpaka likawa mistari minne. Nini: kujiandikisha kupiga kura ya mtaa. Nani: mkazi wa mtaa huu, miaka 18 na kuendelea. Wapi: kituo cha mtaa. Mwisho: Jumapili tarehe 20. Halafu mimi nikaona pamebaki nafasi chini nikaongeza mstari wa tano, "Hata kama huna kadi ya mpiga kura njoo ujiandikishe". Niliona nimepatia sana, manake kijana wa boda alisema kuna watu hawaendi wanadhani mpaka uwe na kadi.

Grupu lina watu 61. Kuna jamaa kauliza mna leseni ya haya mambo, tangu zile kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 watu wana woga nao si bure. Tumekubaliana hatuandiki habari, hatuandiki maoni, kila tangazo tunaonyesha karatasi yake ya asili imetoka ofisi gani. Akakaa kimya, sijui ameridhika au amechoka.

Jumatatu 21/10/2024

Uandikishaji umeisha jana. Tumetoa tangazo. Hakuna la maana.

Jumapili 3/11/2024

Leo tumeharibu.

Ijumaa usiku kijana wa boda kaleta picha ya tangazo la maji, kwamba tarehe 2 Novemba hakutakuwa na maji kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 12 jioni kwa ajili ya matengenezo, na kata zimetajwa na ya kwetu imo. Nembo ipo, sahihi ipo. Binti kaandika vizuri, tukarusha kwenye grupu, na saa 4 usiku ile mzee kachukua tochi kaenda kubandika kwenye ubao, alivyo na moyo.

Jumamosi watu wakajaza kila chenye mdomo. Mama wa chapati hapo barabarani aliamka saa 10 alfajiri kujaza madumu, na kwa kuwa bomba lake linatoka kwa uzi akaongezea ya kununua kwa mkokoteni. Saa 3 ikafika maji yanatoka. Saa 6 yanatoka. Saa 9 mama wa chapati kaja dukani hana maneno mengi, kaniambia tu, "Mwanangu, maji yako bado yanatoka." Mpaka leo hilo neno "maji yako" linanikaa kooni.

Tumefuatilia ile picha ilikotoka, imepita grupu tatu. Tangazo ni la kweli ila la mwaka juzi, aliyelipiga picha alikata juu, mwaka umebaki nje. Mamlaka haina kosa, aliyekata picha hana nia mbaya, wenye kosa ni sisi ambao tulikuwa na usiku mzima wa kuuliza na hatukuuliza.

Nimeomba radhi kwenye grupu kwa sauti yangu, sio kwa maandishi, na mama wa chapati nimemrudishia hela ya mkokoteni, alikataa mara mbili ya tatu akapokea. Watu 9 wametoka kwenye grupu.

Kuanzia leo kila karatasi kwenye ubao ina vitu viwili juu kulia kwa kalamu nyekundu. Imezaliwa lini, yaani tarehe iliyotolewa pamoja na mwaka, na inakufa lini. Ikifika siku yake ya kufa tunaitoa jioni ileile hata kama ubao utabaki mtupu. Na isiyojulikana inakufa lini haipandi mpaka mmoja wetu aende kwa miguu akaulize. Mzee kasema hii ya kuzaliwa na kufa inafanana na daftari la mazishi. Nimemwambia ndo hivyohivyo.

Jumamosi 16/11/2024

Wiki ya maswali. Kuna swali moja linarudi kila siku kama deni: "Nimenunua umeme wa elfu tano mbona nimekatwa 1,500?" Binti kaandika jibu moja la kudumu tumelibandika pembeni. Ile ni kodi ya majengo, inakatwa kupitia LUKU tangu Agosti 2021, ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda 1,500 Julai 2023, na ghorofa ni 7,500 kwa kila sakafu. Miezi ambayo hukununua umeme haisamehewi, inakusubiri, ndo maana mwingine anakatwa 4,500 kwa mpigo anadhani kaibiwa. Kodi ni ya mwenye nyumba, mpangaji ukikatwa ongea na mwenye nyumba mpunguziane kwenye kodi ya chumba.

Hapo sasa tumewagombanisha watu! Mwenye nyumba mmoja, mzee wa heshima kabisa, kaja kusimama mbele ya ubao kasoma mpaka mwisho, akageuka akaniuliza, "Hili tangazo linakufa lini?" Nikamwambia baba hili halifi, ni sheria. Akaondoka.

Jingine, mikopo ya asilimia kumi imerudi. Hii wengi hawakuamini kwa kuwa ilisimamishwa Aprili 2023 na watu wakaizika. Imerudi mwaka huu wa fedha, mgawanyo ni uleule, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, inatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri na haina riba. Maombi yanapita kwenye mfumo wa kompyuta kwa hiyo afisa maendeleo ya jamii wa kata ndo wa kuanza naye. Tumeandika na mstari, HAKUNA ANAYELIPWA KUKUJAZIA FOMU, kwa sababu kuna mtu mtaa wa pili alishaanza kuchukua buku mbilimbili. Mimi mwenyewe natoa kopi tu, kopi ni mia.

Jumatano 27/11/2024, usiku

Leo ndo uchaguzi, siku ya mapumziko, kura saa 2 asubuhi mpaka saa 10 jioni. Sitaandika nani kashinda, kila mtu ameshajua na sio kazi ya ubao huu.

Naandika kuhusu bibi. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, kanijua nikiwa natambaa. Saa 3 asubuhi namuona anarudi kutoka kituoni, kavaa kanga zake mpya, baibui juu, mkononi kashika kadi ya mpiga kura ndani ya kile kipochi cha plastiki. Nikamwamkia shikamoo bibi, akaitikia marahaba bila kusimama, na yeye sio mtu wa kupita bila kusimama. Nikamfuata. Kaniambia jina lake halipo. Kaangalia orodha mara mbili, na kijana wa kituoni kamuangalizia mara ya tatu, halipo.

Nikamuuliza bibi ulijiandikisha mwezi wa kumi? Akasema nijiandikishe kwa nini na kadi ninayo, kadi yangu hii nilipigia 2020. Afu akaniambia kwa upole kabisa, bora angenitukana, "Si nyie mliandika pale, hata kama huna kadi njoo. Mimi si ninayo? Nikasema basi hawa wanawaita wasio nayo."

Nimerudi dukani nimekaa. Ni mstari wa tano. Mstari wangu niliouongeza, ambao mtendaji alisema tusiongeze maneno. Mimi nilikuwa namfikiria asiye na kadi, nikamsahau mwenye nayo. Kadi ya mpiga kura ni ya Daftari la Kudumu, ndo lile la Rais, wabunge na madiwani, liko chini ya Tume ya Uchaguzi. Kura ya mtaa ina orodha yake peke yake, inaandikwa upya, na uwe na kadi usiwe nayo kama hukwenda kwenye zile siku kumi haumo. Orodha ilipobandikwa baada ya uandikishaji ili watu wahakiki majina yao hata hilo hatukulitangaza, tulikuwa tumeshakunja mkeka. Ile siku niliyoandika "hakuna la maana".

Kijana wa boda anasema anajua wengine wawili wa namna hiyo, hapo ni tunaowajua.

Jumapili 8/12/2024

Tumekaa kikao, kahawa na kashata kwa mzee. Hatukumaliza vizuri sana, binti alisema tuache kufupisha tubandike karatasi kama ilivyo, lawama iwe ya ofisi. Mzee akasema karatasi kama ilivyo tayari inabandikwa pale ofisini bure, sisi wa nini. Mimi nilinyamaza kwa sababu mwenye mstari wa tano ni mimi.

Tulichokubaliana ni kwamba tunafupisha, ila kabla ya kubandika anasomewa mtu ambaye hajui chochote kuhusu hilo jambo, afu tunamuuliza, "Umeelewa nini, wewe unaenda au huendi?" Hatumuulizi kama ameelewa, kwa sababu mtu ukimuuliza umeelewa atasema ndiyo hata kama hajasikia. Msomewaji wa kwanza nimemwomba bibi. Kakubali kwa sharti tusimletee usiku.

Na ubao tumeuhamisha. Pale kibarazani kwangu wanaosoma ni wanaosubiri kopi. Tumeupeleka kwa mzee chini ya mwarobaini, mkabala na mashine ya kusaga, wanawake wanasubiri unga pale hata saa nzima na wanaume wako kwenye kahawa. Siku ya kwanza tu nikaona kitu ambacho kule sikukiona, mtu anasoma kwa sauti na wengine wanasikiliza wakiwa wamekaa. Kwa hiyo tangazo linatakiwa lisomeke kwa sauti. "Kwa mujibu wa kifungu" hailiki mdomoni, mzee akifika hapo anaruka.

Kitu kingine, tulibandika tangazo la usafi likiwa limechapwa vizuri na sisi, mama mmoja kapita kasema "hii haina muhuri" akaendelea na safari. Kasema kweli. Sasa pembeni ya muhtasari wetu inakaa kopi ya ile yenyewe yenye muhuri, ndogo tu, hata kama hakuna anayeisoma. Muhuri unatazamwa, muhtasari unasomwa.

Jumamosi 18/1/2025

Mwezi huu mzembe. Sikukuu, ada za shule, duka limenielemea, watu wanatoa kopi za fomu mpaka mashine ikagoma ngoma yake nikaipeleka kwa fundi siku nne.

Nilienda kusikiliza baraza la madiwani, hili ni jambo watu hawajui, kikao cha baraza kiko wazi, mwananchi unaingia unakaa nyuma unasikiliza, huchangii. Linakaa kila robo mwaka. Madiwani wanaleta taarifa za kata zao kwanza, na pale ndo unasikia mtaro fulani umekwama wapi na zahanati gani inasubiri nini. Niliandika kurasa sita, binti kazibana zikawa nusu ukurasa. Bibi akasomewa. Akasema huo mtaro si ndo ule ule wa mwaka jana? Hatukuwa tumeandika mwaka jana ulisemwa nini. Kwa hiyo sasa tunaweka na jalada, makaratasi yaliyokufa hatuyatupi, yanaingia kwenye faili lenye tarehe.

Kuna ofisi moja mjini tuliiandikia barua kuomba ratiba ya jambo fulani, kwa utaratibu kabisa, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 tukaitaja, ile inayotoa siku 30 za kujibu. Siku zinaenda. Tunangoja, barua ina kopi na ina muhuri wa kupokelewa, kijana wa boda aliusimamia ule muhuri mpaka ukagongwa.

Grupu limefika 140 na sauti ndo zinasikilizwa kuliko maandishi. Binti anasoma tangazo sekunde 40, haongezi neno.

Jumapili 9/2/2025

Tume wanakuja. Uboreshaji wa Daftari la Kudumu mkoa wa Tanga ni tarehe 13 mpaka 19 Februari, siku saba, vituo saa 2 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Na hapa ndo mtihani wenyewe, kwa sababu safari hii mambo ni kinyume. Oktoba mwenye kadi naye alitakiwa aende, Februari mwenye kadi nzima yenye taarifa sahihi hatakiwi kwenda. Anayeenda ni ambaye hana kadi na ametimiza miaka 18 au ataitimiza kabla ya uchaguzi mkuu, aliyehama, aliyepoteza au kadi imeharibika, na mwenye makosa kwenye taarifa zake. Kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai.

Tumeandika mara nne. Ya kwanza kasomewa kijana wa mkokoteni, akasema "naenda", wakati ana kadi nzima mfukoni. Ya pili kasema "kwani ya Novemba haikuhesabika?" Ya tatu tukaipanga kwa maswali, una kadi, kadi yako nzima, unakaa palepale, na kila swali lina mshale. Mishale ikawachanganya wale wanaosikiliza, manake mshale hausomeki kwa sauti. Ya nne ndo imepita, ina sehemu mbili tu. WANAOENDA, mistari minne. WASIOENDA, mstari mmoja: wewe mwenye kadi yako nzima na haujahama, kaa nyumbani, umo.

Alhamisi 13/2/2025

Siku ya kwanza. Nimeamka mapema nipite kituoni nione hali. Saa 1 na nusu foleni ya watu kama kumi na tano, na wa kwanza kabisa, kwenye kiti cha plastiki alichokuja nacho mwenyewe, ni bibi. Kadi mkononi, kwenye kile kipochi.

Nikamwambia bibi shikamoo, wewe si tulikusomea, wewe umo, huna haja. Akanitazama. Akasema, "Mwezi wa kumi pia mliniambia hivyohivyo." Nikasema bibi hatukukuambia, tuliandika vibaya. Akasema, "Ndo hivyo, leo nimekuja kuambiwa na mwenye muhuri."

Sikubishana. Nimekaa naye pale chini. Saa 2 mwandishi msaidizi kafungua, binti mdogo mwenye adabu, kachukua kadi kaiangalia mbele na nyuma, kamuuliza bibi umehama, hapana, jina lako liko sawa, liko sawa, basi bibi yangu nenda kapumzike kadi yako ni nzima. Bibi akamwambia rudia, kwa sauti. Akarudia. Wale wenye kadi nzima waliokuwa nyuma nadhani walikuwa sita au saba, wakaangaliana wakaanza kutoka kwenye foleni.

Njiani anarudi kasimama kwenye ubao wetu, kasoma ile sehemu ya WASIOENDA kwa kidole, mstari mzima. Akasema herufi ndogo hizo, ongezeni. Nimeongeza mchana huuhuu, nimechapa upya.

Alhamisi 20/2/2025

Jana saa 12 jioni ndo tangazo lilitakiwa kufa, nikapitiwa, mashine ya kopi imegoma tena nilikuwa kwa fundi mpaka usiku. Leo saa 12 alfajiri nimetoka mbio na bisibisi ya kung'olea pini nikijua tayari kuna mtu ataliona limepitwa na siku. Nimefika halipo. Pini nne zimepangwa vizuri kwenye kibati cha sigara juu ya meza ya mzee. Mzee anawasha jiko la kahawa, nikamuuliza umetoa wewe, akasema hapana, bibi yako kapita akitoka kuswali, kauliza leo tarehe ngapi.

Karatasi ameondoka nayo. Kwenye jalada hatuna kopi yake, binti aichape nyingine aandike nyuma ilikufa lini.